Pikapu au Gari la Jamaa?

Mwanafunzi asomaye historia huzoea kukutana na wafalme, mabaharia na mikataba iliyotiwa sahihi. Leo nakutaka, msomaji wangu, tufuate pamoja historia ya jambo lililo karibu zaidi na mlango wa nyumba yenu. Chukua mfano wa jamaa moja ya mkulima wa kahawa, katika Murang'a au Kisii, iliyoweka akiba miaka mingi ili inunue gari. Baba ataka pikapu, kwa kuwa kahawa haina budi kufika kiwandani siku ile ile ichumwayo, na majani ya ng'ombe hayapakiwi juu ya viti. Mama ataka gari refu lenye paa mpaka nyuma, kwa kuwa watoto ni wanne, na mama mkwe ni mzee asiyeweza kukwea nyuma ya pikapu akakaa juu ya gunia huku mvua ikimnyeshea. Fedha iliyopo ni ya gari moja tu.

Mashauri ya namna hii yamefanyika katika nyumba nyingi za dunia kwa muda wa karibu miaka 100. Ukiyachungulia vema utaona kwamba ndani yake mna swali moja: nyuma ya gari, nani apewe paa, mtu au mzigo? Walioulizwa zamani hawakujibu kwa njia moja. Na mara nyingine aliyejibu hakuwa mnunuzi hata kidogo, ila serikali zilizokuwa zikigombania mambo yaliyo mbali kabisa na magari.

Hapo mwanzo pikapu na gari la jamaa zilitoka katika karakana moja, nayo ilikuwa ya seremala. Motokaa ya Ford iitwayo Modeli T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, iliweza kununuliwa ikiwa fremu, injini na magurudumu tu. Mkulima alimpelekea seremala fremu ile, akaundiwa sanduku la kupakia viazi. Mwenye hoteli naye alimpelekea seremala fremu iliyo sawasawa na ile, akaundiwa safu za viti na paa juu yake, ili dereva wake aende stesheni ya reli kuwapokea wageni pamoja na masanduku yao. Ndiyo asili ya jina la stesheni wagoni, ambalo Wamarekani walilipa gari la jamaa, ijapokuwa wengi walitumiao leo hawajapata kulifikisha gari lao stesheni. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ikaanza kuuza pikapu iliyotoka kiwandani tayari, kwa dola 281. Gari la jamaa lilikawia zaidi mikononi mwa seremala. Mbao zake zilihitaji kupakwa vanishi kila mara kama ubavu wa mashua, na zilipoachwa zikaoza. Katika mwaka 1946 kampuni ya Willys ilitoa la chuma tupu, wengine wakafuata, na kazi ya seremala ikakoma.

Kenya nayo ilimjua seremala huyo. Katika miaka ya 1920 walowezi walipenda motokaa zilizowekwa sanduku la mbao nyuma, zikaitwa boksibodi. Bwana na bibi walikaa mbele chini ya paa. Mbegu, mapipa, mbwa na watumishi walikwenda nyuma. Ukumbuke mpango huo wa kukaa, maana tutaukuta tena.

Sasa twende Australia. Katika jimbo la Victoria iko nchi ya malisho na maziwa iitwayo Gippsland. Mwaka 1932, wakati dunia nzima ilipokuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, mke wa mkulima mmoja wa huko aliandika barua kwa kampuni ya Ford iliyokuwa na kiwanda katika mji wa Geelong. Wasimulizi humtaja kwa cheo chake cha mke wa mkulima tu, nami naona hilo ni deni ambalo historia haijamlipa. Alieleza kwamba yeye na mumewe hawakuweza kununua magari mawili. Aliomba gari moja litakalompeleka kanisani siku ya Jumapili pasipo kulowana, na siku ya Jumatatu limchukue mumewe na nguruwe wake mpaka sokoni.

Ili uelewe uzito wa neno lile la kulowana, yakupasa ujue magari waliyokuwa nayo wakulima wa Australia wakati ule. Yalikuwapo magari madogo ya mizigo, lakini mengi yalifunikwa kwa turubai mbele, na ubavuni upepo uliingia utakavyo. Saluni yenye paa la chuma na vioo ilikuwa ya watu wa mjini. Kwa hiyo mkulima mwenye fedha ya gari moja alinunua lile la kumfalia nguruwe, na mkewe akafika ibadani na nguo zilizolowa. Yule mama hakudai anasa. Alitaka ahesabiwe miongoni mwa mambo ambayo gari lilinunuliwa kwa ajili yake.

Barua ikapewa kijana mmoja mchora michoro, Lewis Bandt, aliyekuwa na umri wa miaka 22 hivi. Bandt alichukua sehemu ya mbele ya motokaa ya Ford ya watu wawili, yenye paa la chuma, vioo vya kupandishwa na kiti kizuri, akaiacha vile vile. Kisha, badala ya kuweka sanduku pekee nyuma yake kama walivyofanya wengine, aliziendeleza bati za ubavuni kwa mstari mmoja tangu mlangoni hadi mwisho, hata bodi ya kupakilia ikawa mwili mmoja na chumba cha abiria. Gari likaanza kuuzwa mwaka 1934. Waaustralia wakalipenda mno, wakalipa jina fupi la "yuti", na kwa miaka mingi hapakuwa na shamba wala kijiji huko ambamo halikuonekana. Bandt mwenyewe alifariki mwaka 1987 katika ajali ya barabarani, akiendesha moja la magari hayo ya kwanza alilokuwa amelitengeneza upya.

Basi, je, swali lilikwisha kujibiwa? Tazama tena ndani ya gari la Bandt. Mna kiti kimoja tu, cha mbele. Mume na mke walipata paa, na pengine mtoto mmoja aliyebanwa katikati yao. Wengine wa nyumbani, siku ya Jumapili, walikuwa wapi? Gari lile liliwafaa watu wawili na nguruwe wao. Jamaa ya watu saba lingeiacha nusu yake barabarani, au lingeipakia mahali pa nguruwe.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nayo inaanza na kuku. Usicheke, mambo ya serikali mara nyingi huanza na vitu vidogo kuliko hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafugaji wa Marekani walijifunza kulea kuku kwa maelfu na kwa gharama ndogo, wakawauza Ulaya, hasa Ujerumani ya Magharibi, kwa bei ambayo wafugaji wa huko hawakuiweza. Mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha ushuru wa kuku wa kigeni, na biashara ile ikaanguka. Wamarekani walilalamika, wakajadiliana, hawakupata kitu. Mwezi wa Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akatoa tangazo la kulipiza: kuanzia Januari 1964 ushuru wa 25 kwa mia ungetozwa juu ya brandi, juu ya wanga wa viazi, na juu ya magari madogo ya mizigo yatokayo nje. Magari yaliingizwa katika orodha kwa sababu kampuni ya Volkswagen, ya Ujerumani hiyo hiyo, ilikuwa ikiuza pikapu zake katika Marekani na kuanza kupata wanunuzi wengi.

Lakini kwa desturi za biashara ya mataifa ushuru huo haukuweza kuwabagua Wajerumani peke yao. Ulimwangukia kila auzaye. Mjapani, ambaye hakuwa na kuku katika ugomvi ule, alijikuta analipa robo ya thamani ya kila pikapu. Ushuru wa brandi na wa wanga uliondolewa baadaye, lakini ule wa pikapu uliendelea kutozwa kwa miongo mingi. Sasa fikiri habari ya mkulima mdogo wa California au Oregon aliyetaka pikapu ndogo isiyonywa petroli nyingi. Aliona bei yake imepanda, ile ya gari la jamaa haikupanda, akadhani ni mambo ya kiwandani. Kuku hakumwona popote.

Wajapani hawakukosa akili ya kupita. Kwa miaka kadha pikapu za Datsun na Toyota zilishushwa katika bandari za Marekani zikiwa na chumba cha mbele na fremu tu, kwa kuwa gari lisilokamilika lilitozwa ushuru mdogo; bodi ya nyuma ilitiwa huko huko. Waona jinsi walivyorudi katika mpango wa yule seremala wa zamani! Mlango huo ulifungwa mwaka 1980.

Kampuni ya Subaru ilipita kwa mlango mwingine, na hapa nataka tukae kidogo, maana katika kampuni hiyo pikapu ndogo na gari la jamaa zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kaskazini ya kisiwa kikuu cha Japani theluji huanguka nyingi, na wafanyakazi wa kampuni ya umeme ya Tohoku walilazimika kupanda milimani kutazama nyaya katika magari ya namna ya jipu, ambayo yalikwenda popote lakini yaliwatesa kwa baridi. Wakaomba gari la kawaida, lenye joto ndani, ila liwe na uwezo wa kusukumwa na magurudumu yote manne. Mafundi wakalitengeneza, na mwaka 1972 Subaru ikaanza kuuza gari refu la namna hiyo likiitwa Leone. Kwa maoni yangu hilo ndilo babu wa magari ambayo leo huitwa krosova: umbo na starehe za motokaa ya jamaa, pamoja na miguu ya gari la porini. Yule mfanyakazi aliyepanda mlimani kutazama nyaya na yule mama wa Gippsland walidai jambo moja, kwamba kazi ngumu isiwe sababu ya kumnyima mtu kinga ya mvua na baridi.

Kisha, kutokana na Leone hiyo hiyo, kampuni ikakata paa la nyuma ikapata pikapu ndogo, ikaipeleka Marekani kwa mwaka wa 1978 ikiitwa BRAT. Je, ushuru wa kuku? Wakaweka viti viwili vya plastiki katika bodi ya wazi, vimeunganishwa nayo kwa moto, vikitazama nyuma, vyenye vishikio viwili vya mikono ili abiria asirushwe. Maadamu nyuma pana viti, wakasema, hili ni gari la abiria. Na gari la abiria lilitozwa sehemu chache tu katika mia. Hila hiyo ikakubaliwa. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1981, alikuwa nalo moja katika shamba lake la California. Viti vile vilikoma kuwekwa katikati ya miaka ya 1980.

Uyatafakari mambo haya, msomaji. Watu waliketishwa katika bodi ya wazi, bila paa juu yao, wakiutazama moshi wa gari lao wenyewe, na aliyewaketisha hapo hakuwa na haja ya kuwachukua watu. Alikuwa na haja ya karatasi ya forodha.

Katika Kenya nasi tuliweka viti nyuma ya pikapu, lakini sababu yetu ilikuwa kinyume kabisa: watu walikuwa wengi na magari yalikuwa machache. Baada ya Uhuru watu waliruhusika kuingia mijini kwa wingi, na mabasi yenye leseni hayakuwatosha. Ndipo magari yaliyochakaa yakaingia barabarani kuchukua abiria kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi, na Wakikuyu wakayapa jina la tatu hiyo: matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba yaweza kufanya kazi bila leseni ya kuchukua abiria. Mengi katika hayo yalikuwa pikapu. Fundi wa bati alijenga chumba juu ya bodi ya wazi, akatia mabenchi mawili marefu yaliyoelekeana, na abiria wakasafiri wakitazamana, magoti kwa magoti. Wazee wenu wanazikumbuka kwa jina la "fesimi". Hapana mkanda wa kujifungia, hapana kiti kilicho cha mtu mmoja, na mlango ulikuwa wazi mahali ambapo Bandt alikusudia kuingiza nguruwe.

Wakati huo huo barabara za mbali zilitawaliwa na gari la jamaa. Wafaransa wa Peugeot walitoa modeli ya 404 mwaka 1960 na ya 504 mwaka 1968, na kila moja ilipatikana ikiwa saluni, ikiwa pikapu, na ikiwa gari refu lenye safu tatu za viti. Katika mashindano ya Safari gari la 404 lilishinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Yalikuwa saluni, si magari marefu, lakini msafiri wa Nakuru au Kisumu hakujali tofauti hiyo. Alijua kwamba Pijo halilali njiani. Teksi ndefu za Peugeot zikawa njia ya haraka ya kwenda bara. Aliyekuwa na nauli ya Pijo aliketi kitini chini ya paa la kiwandani. Asiyekuwa nayo aliingia katika chumba cha bati. Mpango ule wa boksibodi ulikuwa umerudi, isipokuwa safari hii aliyegawa nafasi alikuwa mfuko wa mtu, wala si rangi yake.

Mwaka 1984 sheria iliyarudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi. Kufikia wakati kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, mwezi wa Februari 2004, zikidai mkanda kwa kila abiria na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, vyumba vya bati vilikuwa karibu vimekwisha kuondolewa mijini na vigari vya Kijapani vyenye paa moja.

Nirudi kwa mafundi. Wamarekani wa AMC walitoa gari la jamaa lenye kusukumwa na magurudumu manne, Eagle, kwa mwaka wa 1980. Toyota ikatoa RAV4 mwaka 1994, na katika mwaka huo huo Subaru ikatoa Outback. Baada ya hapo kila kampuni ilifuata. Krosova haina fremu ya peke yake. Bodi yake yote, pamoja na paa, ndiyo mifupa yake, kama ganda la yai. Kwa sababu hiyo ni nyepesi, yapinda kona kwa utulivu, na haimrushi mtu ikiwa tupu. Pikapu ya kazi imejengwa juu ya fremu ya chuma mfano wa ngazi iliyolazwa, na nyuma ina springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya moja. Mzigo ukiwa juu yake hutulia kama mtu aliyeshiba. Ikiwa tupu hurukaruka, na katika matope ya masika nyuma hukosa uzito, ikateleza. Wako waliojaribu kuziunganisha tena: Subaru Baja, iliyouzwa tangu 2002 mpaka 2006, ilikuwa na viti vinne chini ya paa na bodi fupi nyuma, nayo haikupata wanunuzi wengi. Pikapu zenye vyumba viwili, ambazo Wakenya wanazipenda sana, zimewapa watoto paa, lakini zimekata urefu wa bodi ili kupata nafasi ya kiti, na bei yake huishinda jamaa yetu ya kahawa.

Basi turudi kwa baba na mama tuliowaacha wakishauriana. Mimi, kama ningeulizwa, ningewaambia wachukue daftari la shule na kuandika kwa mwezi mzima kila safari ya nyumba ile: nani alikwenda, wapi, na alichukua nini. Baba atasema kwamba keria juu ya paa la krosova yatosha kuwa jibu la mzigo. Atazame kwanza kitabu cha gari, maana nyingi huandikiwa uzito wa kilo 75 mpaka 100 tu juu ya paa, na gunia moja la mahindi ni kilo 90. Mama atasema kwamba kahawa huchumwa kwa majuma machache katika mwaka, na katika majuma hayo pikapu ya jirani yaweza kukodiwa, lakini watoto huenda shule miezi tisa, na mama mkwe huenda zahanati kila mwezi. Hesabu hiyo ya mama naiona ina nguvu, kwa nyumba yenye watoto wadogo na ekari chache. Penye ng'ombe wa maziwa, ambapo madebe hutoka kila alfajiri, Jumapili na Krismasi pamoja, daftari litasema jambo jingine, na huko ningenunua pikapu, nikamtafutia mama mkwe kiti cha mbele, na baba akaenda zahanati kwa miguu kumsubiri huko.